Jogoo wa Kumkomboa Aurelia

"Tulia! Kichwa kinachezacheza kama cha mbuzi anayepelekwa mnadani," Hilda alisema, akapitisha kitana katikati ya nywele za Aurelia.

"Unaniumiza."

"Vumilia. Leo unakamatwa, mwenzangu. Mtu hakamatwi na nywele za jana."

Aurelia alitaka kucheka, akashindwa. Kwa dirisha la bweni aliwaona wanachuo wa kiume wakihamisha mabenchi kutoka madarasani kwenda uwanjani, wakigombana ni nani aliyebeba upande mzito. Moshi wa jikoni ulikuwa umeshapanda. Ilikuwa siku ya mahafali katika Chuo cha Ualimu Litumbi, chuo kidogo kilichojibanza nje ya mji wa Songea, chenye bwalo moja la chakula, kwaya moja, na timu ya mpira iliyokuwa ikifungwa na kila shule ya jirani.

"Hilda, na asiponikamata?"

"Daimu? Yule akikosa mtu wa kumchekesha kutwa nzima anaugua homa. Atakukamata."

"Sisemi hivyo. Nasema akishanikamata."

Hilda akaacha kuchana. Yeye peke yake pale chuoni ndiye aliyeijua siri ile, na kuijua kwenyewe ni kwa sababu alikuwa analala kitanda cha juu na Aurelia cha chini, na mtu anayependa hulia usiku akidhani wenzake wamelala.

"Akishakukamata atasema alichokuahidi," Hilda akajibu. "Asiposema, mimi mwenyewe nitamng'oa ulimi."

Litumbi walikuwa na desturi yao. Wangoni na Wayao ni watani, kwa kuwa mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane kwa kucheka. Basi kila mahafali, vyeti vikishagawiwa na ngoma zikishachezwa, mtani alimkamata mhitimu wa upande wa pili mbele ya wazazi wake. Alimshika mkono, akatangaza kwamba huyu sasa ni mali yake. Mzazi naye alipaswa kumkomboa mtoto wake kwa jogoo, au kwa korosho, au kwa kanga. Mtani alikataa, akakikashifu kile alicholetewa, watu wakavunjika mbavu. Alipokataa mara ya tatu mzazi aliongeza kitu, mtani akapokea, mambo yakaisha. Ilisemwa kwamba mzazi asipokomboa, aliyekamatwa huenda na mtani wake moja kwa moja, lakini hakuna aliyewahi kuliona hilo likitokea. Mwisho wa yote, mkamataji na mkamatwa walikula sahani moja na kulishana tonge mbele ya watu, ili asiondoke mtu na fundo moyoni. Maana sheria ya utani ni moja tu: haukasirikiwi.

Na katika sheria hiyo ndimo Daimu alimojenga matumaini yao.

Walikuwa mtoni siku moja, Aurelia akifua, Daimu amekaa juu ya jiwe akitupa vijiti majini. Aurelia alimuuliza kwa nini asitume mshenga nyumbani kwao Mpitimbi kama watu wengine.

"Mshenga?" Daimu alisema. "Baba yako katekista. Mshenga wa Kiislamu akifika pale atatolewa kwa rungu. Na mama yangu akisikia Mngoni, atalia mpaka Tunduru nzima ije kumpa pole. Lakini kwenye utani, Aure, watu wote wanacheka. Moyo wa mtu anayecheka uko wazi. Nitakukamata. Baba yako ataleta jogoo wake, nitamkataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu wakiwa bado wanacheka nitasema, wazazi wangu, sasa mimi sicheki tena. Huyu ndiye ninayemtaka."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe usivute mkono. Basi."

Usivute mkono. Aurelia alilichukua neno hilo, akalala nalo na kuamka nalo. Hakuwa msemaji. Katika mazoezi ya kufundisha watoto wa nyuma walikuwa wakilalamika hawamsikii. Daimu alikuwa na midomo ya watu kumi. Alikuwa akiingia bwaloni na kumwiga mpishi, akamwiga mkuu wa chuo anavyovaa miwani, na mkuu mwenyewe akacheka. Aurelia aliwaza: Mungu amenipa mtu wa kunisemea.

*

Mzee Pankrasi, baba yake, aliingia kwa baiskeli kutoka Mpitimbi, jogoo mwekundu akining'inia kwenye usukani miguu juu. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na rozari imemtokeza mfukoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako ameshindwa kuja, mgongo. Huyu kuku amepiga kelele njia nzima kama anajua anakokwenda." Akaegemeza baiskeli ukutani, akajifuta jasho. Kisha, bila hata kumwangalia, akauliza, "Yuko wapi huyo Myao?"

"Yupi, baba?"

"Kwani wapo wengi?"

Aurelia akainama, akaanza kumfungua jogoo kamba. Baba yake akamtazama utosini kwa kitambo, halafu akasema, "Mwache hivyo hivyo, atakimbia," akaenda kutafuta kivuli.

Wageni wa Tunduru walikuwa wamefika tangu jana yake kwa lori la mjomba wake Daimu, yule ambaye tangu serikali ilipofungulia watu biashara alikuwa ananunua korosho na kurudi na mabelo ya mitumba. Bi Mwanaheri, mama yake Daimu, aliketi mbele kabisa, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, amejifunga kanga mpya bado ina harufu ya duka. Pembeni yake alikaa msichana mweupe wa macho makubwa aliyeshika chupa ya soda kwa mikono miwili.

"Yule ni nani?" Hilda alinong'ona.

"Binamu yake, nafikiri. Anaitwa Subira."

"Binamu?" Hilda akabetua mdomo. "Binamu gani anamfuta mtu jasho kwa ncha ya mtandio? Mimi binamu yangu ananidai sabuni tu."

Ni kweli Aurelia alikuwa ameona ule mtandio. Alikuwa ameona pia Daimu akigeuza shavu lipate kufutwa vizuri. Akajiambia, anamheshimu mama yake. Mtu anayependa ni wakili mzuri kuliko wote. Anamtetea mtuhumiwa bila kulipwa.

*

Vyeti viligawiwa. Kwaya ikaimba. Wangoni wakacheza ngoma yao ya lizombe mpaka vumbi likafunika meza ya mgeni rasmi. Ndipo Egidi, mwenyekiti wa kamati ya utamaduni, akapuliza filimbi yake na kupiga kelele, "Wataniii! Mkamatane!"

Uwanja ukalipuka. Kijana mmoja wa Kiyao alikamatwa na wasichana wa Kingoni wakiwa kundi zima, shangazi yake akamkomboa kwa bakuli la korosho, nao wakamwambia shangazi kwamba mpwa wake ni mzito mdomoni tu, mikononi mwepesi. Watu wakashangilia. Aurelia alikuwa amesimama mwisho wa safu ya wahitimu, mikono nyuma.

Daimu akaja. Alikuja akizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, akiinama, akichungulia meno ya huyu, akipima urefu wa yule, watu wanacheka kabla hajasema lolote. Alipofika kwake akasimama. Akamtazama. Kwa muda mfupi uso wake ukaacha mchezo, na Aurelia akaona yale macho ya kule mtoni. Mkono wake ukashikwa.

Hakuuvuta.

"Wangoni!" Daimu alipaza sauti. "Nimekamata! Nani mwenye mali hii?"

Mzee Pankrasi akainuka na jogoo wake kwapani. "Mimi."

"Shikamoo, mzee wa kula panya!"

"Marahaba, mjukuu wa waliokimbia mikuki."

Kicheko kikaenda mpaka jikoni. Wapishi wakatoka na miko mikononi.

"Huyu sasa ni wangu," Daimu akasema. "Una nini cha kumkombolea?"

"Jogoo huyu."

"Jogoo huyu? Amekonda kama katekista! Simtaki!"

Chini, pasipo mtu kuona, vidole vya Daimu vilivibana vidole vya Aurelia. Mara ya kwanza hiyo. Zimebaki mbili. Aurelia alihisi joto likimpanda kutoka mkononi hadi masikioni.

Mzee Pankrasi akamtazama jogoo. Akamtazama Daimu. Kisha akautazama ule mkono wa binti yake uliotulia ndani ya mkono wa kijana kama yai kwenye kiota.

"Humtaki?"

"Simtaki, mzee!"

"Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Simtaki, simtaki!"

"Basi sikomboi," Mzee Pankrasi akasema, akamrudisha jogoo kwapani. "Mchukue."

Watu wakaanza kucheka, halafu kicheko kikasimama njiani. Egidi aliitoa filimbi mdomoni.

"Nimesema mbele yenu wote," mzee aliendelea kwa sauti yake ya kuongozea ibada. "Mimi Pankrasi nimempa mtani wangu. Aende naye leo leo, kwa lori lao. Mama yako si yule pale, kijana? Mwoneshe mkwe wake."

Aurelia hakuamini masikio yake. Machozi yalimjaa, na hayakuwa ya uchungu. Njia waliyokuwa wakiitafuta kwa hofu miezi yote ile, baba yake ameifungua kwa maneno mawili! Akamgeukia Daimu. Sema, alimwambia kwa macho. Sema sasa.

Lakini kiganja kilichomshika kilikuwa kimelowa jasho. Daimu alikuwa anamtazama mama yake. Bi Mwanaheri ameacha kutafuna. Subira ameiweka soda chini. Kisha Daimu akawatazama watu, safu kwa safu, nyuso zote zimemkodolea, zote zikingoja zicheke.

Naye akazichekesha.

"Haa! Mzee umeniweza!" akapiga kelele. "Yaani unanitupia kabisa? Hapana jamani, hapana! Rudisha jogoo! Huyu nitamlisha nini? Kwetu hakuna panya! Usiku ataniamsha anataka pombe ya komoni!"

Watu wakalipuka. Daimu aliposikia kicheko kile akapata nguvu, kama moto uliomwagiwa mafuta ya taa. "Na tena mnatuuzia mali mbovu! Mmewahi kujiuliza kwa nini huyu havui soksi? Mguu umeungua! Umekunjamana kama gome la mti! Ndiyo maana baba mtu anamgawa bure! Mzee, chukua chako kilichoungua, nipe jogoo wangu mzima!"

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa kama mti mkubwa unapoanguka. Mgeni rasmi alijipigapiga paja. Mkuu wa chuo alivua miwani akafuta machozi. Hilda mwenyewe kilimtoka kicheko kabla hajaziba mdomo. Na macho yote, yote kabisa, yakashuka kwenye soksi nyeupe za Aurelia.

Chuoni walizoea kumwita Sista kwa ajili ya soksi zile. Alizivaa darasani, shambani, hata bwenini akienda kulala. Alipokuwa mtoto aliangukia moto wa uji, na tangu hapo hakuna mtu aliyeuona mguu ule isipokuwa wazazi wake. Na Daimu. Kule mtoni alimwomba amwoneshe, akamwomba tena, na siku moja akamwonesha. Daimu alichota maji kwa kiganja, akaumwagia mguu taratibu, akauliza, "Bado unauma?" Siku hiyo ndiyo Aurelia alipojua kwamba hataolewa na mtu mwingine.

Sasa alimtafuta baba yake katikati ya kicheko kile. Akamwona. Mzee Pankrasi alikuwa anacheka pamoja na wengine, meno yote nje, akimnyooshea Daimu jogoo.

Daimu aliuachia mkono wa Aurelia, akampokea jogoo kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu.

*

"Ulijua, baba?"

Walikuwa nyuma ya bwalo, kwenye kuni. Jogoo alikuwa ameshachinjwa na manyoya yake yalikuwa yanapeperuka miguuni mwao.

"Tangu Pasaka, ulipokwenda kuungama. Padri hafichwi kitu, na mimi padri hanifichi kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekukataza ungenichukia mpaka nife. Nikasema nimwache akukatae yeye." Mzee Pankrasi alichomoa kijiti kwenye lundo la kuni, akaanza kuchokonoa meno. "Mtani ni wa kucheka naye, Aurelia. Si wa kumzalia. Sasa umeona kwa macho yako."

"Kuhusu mguu, baba. Ulicheka."

"Watu wote walicheka."

"Wewe ndiye uliyeniangusha kwenye ule moto. Mama aliniambia. Ulikuwa umelewa."

Mzee alikitupa kijiti. Uso ulimkakamaa. "Nenda ukale na mtani wako," akasema. "Wanakungoja. Na usinune. Utani haukasirikiwi, usije ukaniaibisha."

*

Bwalo lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Mkeka ulikuwa umetandikwa katikati, na juu yake sahani kubwa ya ugali na yule jogoo, mchuzi bado unatoa mvuke. Daimu alikuwa ameshakaa. Aurelia aliketi mbele yake, akakunja miguu chini ya sketi. Egidi alikuwa anaruka huku na huku akiwapanga wazazi.

"Aure," Daimu alinong'ona, midomo haichezi. "Nisikilize. Nilikuwa naenda kusema."

"Mbona hukusema?"

"Baba yako hakubisha! Alitakiwa abishe. Nilijipanga kwa mtu anayebisha."

"Alikupa ulichokuwa unakitaka."

"Alinipa ghafla mno! Na mama alikuwa pale, na yule... Aure, ukweli ni kwamba wameshamposa Subira kwa ajili yangu. Tangu mwezi wa Rajabu. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Ajabu ni kwamba hilo halikumchoma Aurelia sana. Palikuwa pameshaungua.

"Na mguu?" akauliza.

"Nini?"

"Mguu wangu, Daimu. Ulinikataa kwa panya, kwa komoni. Watu walikuwa wanacheka tayari. Kwa nini ukaongeza mguu?"

Daimu akalamba midomo. "Lilinijia tu," akasema mwishoni. "Niliona watacheka zaidi."

"Haya, walishane! Walishane!" Egidi alipiga kelele, na bwalo zima likaanza kupiga makofi ya pamoja. "Bibi harusi aliyekataliwa aanze!"

Aurelia alimega tonge. Akalichovya kwenye mchuzi, akaliinua. Daimu akafumbua mdomo, macho yake yakimsihi, yakimwambia tulimalize hili, kesho nitakueleza. Makofi yakaongezeka kasi. Tonge lilifika karibu na midomo yake, likasimama hapo, kisha likashuka, likarudi kwenye sahani.

"Nimekasirika," Aurelia akasema.

Waliokaa karibu walisikia. Waliokuwa mbali waliendelea kupiga makofi.

"Nimekasirika," akasema tena, na safari hii hata watoto wa nyuma wangemsikia.

Makofi yalikufa moja moja. Egidi alicheka cheko la wasiwasi. "Dada Aurelia, mwiko huo. Utani haukasirikiwi."

"Najua. Mimi nimekasirika. Mmecheka wote. Mgeni rasmi amecheka, baba yangu amecheka. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza huyu aliujuaje mguu wangu."

Ungeweza kuona watu wakilifikiri jambo, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazowashwa. Bi Mwanaheri alimtazama mwanawe. "Daimu. Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Sijamfanya kitu, mama! Wallahi. Nilisikia tu. Wasichana wenzake wanasema."

"Wasichana gani?" Hilda alisimama juu ya benchi. "Mimi nalala naye kitanda kimoja, juu na chini. Sijawahi kuuona huo mguu. Taja jina! Taja hata moja!"

"Watu... Sikumbuki. Ilikuwa inasemwa."

Subira alikuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi. Alisema kwa sauti ndogo, karibu ya kumhurumia, "Mguu upi?"

"Wa kushoto," Daimu akajibu.

Alijibu upesi, kama mwanafunzi mwema anayelijua jibu. Ndipo akasikia alichosema.

"Astaghfirullah," Bi Mwanaheri akasema, akavuta kanga mpaka kwenye macho. Mzee Pankrasi alikuwa ameinuka, kope zinacheza, na hakuna aliyekuwa anamcheka wala kucheka naye. Alitazama huku na huku, akawaona watu wa Mpitimbi, waumini wake, wakimtazama. Ule ujanja wake wote ulikuwa umemrudia mikononi mwake kama mwiko wa moto.

"Basi," Bi Mwanaheri alisema. Alikuwa amepata sauti yake ya upole, lakini ilikuwa imechoka. "Mimi nina mabinti pia. Kama umemvua mtoto wa watu soksi, utamuoa. Subira tutamrudisha kwao kwa heshima. Mzee mwenzangu, unasemaje?"

"Itabidi," Mzee Pankrasi akajibu, akitazama chini. "Kwa aibu hii, nitafanyaje? Itabidi."

"Mimi niko tayari," Daimu alisema haraka. Uso wake ulikuwa umeng'aa. Akamshika Aurelia kiwiko, akanong'ona, "Umeona, Aure? Umeona? Tumepata! Kwa njia yoyote ile, tumepata."

Aurelia alimtazama. Alikuwa ni Daimu yule yule, na macho yale yale ya mtoni, na Mungu ni shahidi, moyo wake ulimwendea hata sasa, ulimwendea kama mbwa anayepigwa na bwana wake akarudi. Wazee wamekubali. Mama mtu amekubali. Kila alichokuwa amekiomba kwa machozi kitandani pale chini ya Hilda kilikuwa kimewekwa mbele yake, juu ya mkeka, kikitoa mvuke.

Akauvuta mkono wake.

"Mimi siko tayari," akasema.

"Aurelia!" baba yake alifoka. "Unajua unachosema? Baada ya kuyasema yale mbele ya watu, nani mwingine atakuoa?"

"Sijui, baba."

"Mwanangu," Bi Mwanaheri akasema, na kweli alimwita mwanangu, "hasira ni ya leo. Utajuta."

"Ndiyo, mama. Najua nitajuta."

Daimu alipiga magoti kwenye mkeka. Hapo tu, wakati kulikuwa hakuna tena mtu wa kucheka, ndipo alipolisema lile neno. "Nampenda huyu," aliwaambia watu wote, sauti inamkatika. "Jamani, mimi sicheki. Nampenda."

Mtu mmoja pale dirishani alicheka kidogo, akidhani bado ni mchezo.

Aurelia aliinuka, akapita katikati ya magoti ya watu waliomkwepa, mpaka kwenye karai la maji karibu na mlango. Akanawa mikono, kidole kwa kidole, ingawa hakuwa amekula kitu.